Picha ya mfanyakazi na heshima yake: nani kalipia, nani katajwa jina

Kila wiki mtandaoni inapita picha ya jamaa kabeba mfuko wa saruji begani, au mama anaponda kokoto, au mchimbaji katoka shimoni yaani macho tu ndo yanaonekana, na chini pameandikwa heshima kwa wapambanaji. Watu wanalaiki, wanaweka emoji ya ngumi, wanapita. Hamna anayeuliza huyu mtu ni nani, kwa siku analipwa shilingi ngapi, aliyempiga picha ni nani na picha yenyewe ilikuwa inaenda wapi. Mi nadhani mkanganyiko wote umeanzia hapo. Picha za wafanyakazi wa viwandani na migodini zina historia ya zaidi ya miaka mia, na miaka yote hiyo heshima imetumika kwa mambo mawili yanayopingana, wapo waliotumia picha za kuheshimu kazi ili kumtetea mfanyakazi na wapo waliozitumia kumfunga mdomo, na ukizitandaza mezani bila maelezo zinafanana kabisa, jasho lile lile, mwanga ule ule, misuli ile ile. Kwahiyo kuzitenganisha inabidi ujue vitu ambavyo haviko ndani ya fremu.

Mtu wa kuanza naye ni Lewis Hine, Mmarekani aliyezaliwa 1874 Oshkosh, Wisconsin. Alikuwa mwalimu New York, na kamera alianzia pale pale shuleni, akawa anaenda Ellis Island kupiga picha wahamiaji wanaoshuka melini, na mwaka 1908 akaacha ualimu akaajiriwa na National Child Labor Committee, kamati iliyokuwa inapigania watoto watolewe viwandani. Na walikuwa wengi kweli. Sensa ya Marekani ya 1900 ilihesabu watoto zaidi ya 1,700,000 wa miaka 10 mpaka 15 walio kazini, wa chini ya miaka 10 hapo hawamo kabisa. Walikuwa kwenye viwanda vya nyuzi za pamba Carolina, kwenye makaa ya mawe Pennsylvania, kwenye viwanda vya vioo, kwenye mabanda ya kumenya kamba na kufungua chaza huko Ghuba ya Mexico.

Mabosi hawakutaka kamera ndani, na walinzi getini walikuwa wanajua kwa nini. Hine akawa anaingia kwa kujibadilisha, leo anajifanya anauza Biblia, kesho anauza postikadi, siku nyingine ni mkaguzi wa mambo ya moto au ni mpiga picha wa mashine tu. Kamera zenyewe zilikuwa kubwa, za kusimamishwa kwa miguu mitatu, na fleshi ya unga wa magnesiamu unaowaka kwa kishindo, yaani hamna kupiga kwa kujificha, ilibidi mtoto asimame atulie akuangalie. Alikuwa anaomba apige mashine, halafu anamwambia mtoto asogee karibu, eti ukubwa wa mashine uonekane vizuri. Kimo cha mtoto alikuwa anakisia kwa vifungo vya kizibao chake mwenyewe, kila kifungo alishajua kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Mkono mmoja mfukoni unaandika kwa siri: jina, umri, kimo, muda aliokaa kazini.

Na haya maandishi ndo moyo wa kazi yake kuliko hata picha. Mwaka 1908 huko Lancaster, South Carolina, alimpiga picha Sadie Pfeifer, binti amesimama peke yake kwenye korido ndefu ya mashine za kusokota nyuzi, dirisha upande mmoja, mashine upande mwingine zinaenda mpaka zinapotelea mbali. Picha nzuri sana. Ukiikuta bila maneno unaweza kudhani ni tangazo la kiwanda, ona mashine zetu zilivyo safi na ndefu. Sasa soma alichoandika: urefu inchi 48, ambayo ni kama sentimita 122, na yuko kazini nusu mwaka. Picha ile ile imegeuka ushahidi. Mwaka uliofuata akiwa Columbia, jimbo hilo hilo, akaandika kuhusu Furman Owens wa miaka 12, hajui kusoma, hajui hata a-be-che, ana miaka minne kwenye viwanda, na mtoto mwenyewe akamwambia ndiyo nataka kujifunza ila siwezi wakati nafanya kazi muda wote. Hapo hakuna haja ya mpiga picha kukuambia usikitike.

Kitu kingine cha Hine ambacho watu wanakipita ni urefu wa kamera. Alikuwa anaishusha mpaka usawa wa macho ya mtoto. Inaonekana jambo dogo la kiufundi lakini angalia picha nyingi za msaada tunazoziona leo, mpiga picha kasimama, mtoto kakaa chini anaangalia juu, na wewe mtazamaji umewekwa juu yake kabla hata hujafikiria. Kwa Hine mtoto anakuangalia usawa. January 1911 kule South Pittston, Pennsylvania, aliwapiga picha wavulana wanaochambua mawe kutoka kwenye makaa, wamekaa safu safu wameinama, vumbi aliloliandika kwamba muda mwingine lilikuwa zito mpaka mbele hauoni na linaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na mnyapara amesimama nyuma na fimbo. Hakuwapamba. Lakini pia hakuwafanya wadudu.

Je, zilisaidia? Hapa watu wanapenda hadithi fupi, kwamba picha zilitoka, Marekani ikalia, sheria ikapita. Haikwenda hivo. Sheria ya Keating-Owen, ya kubana ajira za watoto, ilipita 1916, kweli picha zilichangia, zilizungushwa kwenye mabango, maonyesho na vijitabu, lakini Juni 1918 Mahakama ya Juu ikaifuta kwa kura 5 kwa 4, na aliyefungua kesi alikuwa mzazi, baba mmoja wa North Carolina aliyetaka wanawe wawili waendelee na kazi kwenye kiwanda cha pamba, nyuma yake wakiwepo wenye viwanda. Fikiria hilo. Ilibidi kusubiri mpaka 1938 ndo sheria ya kitaifa ikasimama, na kufikia hapo mdororo wa uchumi ulikuwa umeshawafanya watu wazima wenyewe wagombanie kazi za watoto. Picha ilikuwa kama mwiko kwa fundi, inahitajika, ila hamna ukuta uliojengwa na mwiko peke yake. Kulikuwa na wanasheria, vyama vya wafanyakazi, walimu, akina mama waliokusanya saini, miaka 30.

Sasa Hine huyo huyo ndo anaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Baada ya vita kuu ya kwanza akaona amechoka kuonyesha mabaya peke yake, akataka aonyeshe uzuri wa kazi na watu wanaoifanya. Mwaka 1920 akapiga ile picha maarufu ya fundi ameinama anakaza nati ya pampu ya mvuke kwa spana, mgongo umefuata mviringo wa mashine, misuli imetoka. Ilipangwa, kwa mkao ule hamna anayefanya kazi siku nzima. Mwaka 1930 wenye mradi wa Empire State Building wakamuajiri apige ujenzi wa jengo lao la ghorofa 102, na yeye akiwa na miaka 56 akapanda na vijana wa chuma, akaning'inizwa kwenye kikapu nje ya jengo ili apate picha anazotaka. Siwezi kumlaumu, alikuwa anawapenda wale vijana na inaonekana. Lakini linganisha na zile za watoto: kipimo kimepotea, mshahara haupo, na majina ukiyatafuta unayapata kwa shida. Idadi rasmi ya waliokufa kwenye ujenzi ule ni watano na kwenye picha hawapo, wapo mashujaa tu. Mpiga picha hajabadilika, anayelipa ndo kabadilika.

Hii habari ya nani analipa ukiishika vizuri itakufungulia picha nyingi. Chukua ile ya vijana kumi na mmoja wanakula mchana wamekaa kwenye boriti ya chuma, miguu inaning'inia juu ya New York. Karibu kila kinyozi na kila mgahawa duniani unayo ukutani, na watu wengi wanasema ni ya Hine, sio yake. Ilipigwa Septemba 1932 kwenye jengo la Rockefeller Center, ghorofa ya 69, na ilikuwa picha ya kutangaza jengo, ikatoka gazetini Oktoba 2. Mpaka leo aliyepiga hajathibitishwa kabisa, na kati ya wale kumi na mmoja ni wachache tu, wawili kwa kumbukumbu za jengo lenyewe, ambao majina yao yamepatikana kwa uhakika. Mwaka ule Marekani ilikuwa kwenye ukosefu wa ajira ambao haijawahi kuuona. Picha ya watu wenye kazi, wanacheka, hawaogopi, ilikuwa inauza kitu. Sisemi hawakuwa jasiri, walikuwa jasiri kuliko tunavyoweza kufikiria. Nasema ujasiri wao ulitumika kupangisha maofisi na wao wenyewe majina yao hakuna aliyeyaandika.

Na usidhani ni ubepari tu. Agosti 1935 huko Donbas, kwenye makaa ya mawe ya Umoja wa Kisovieti, mchimbaji Aleksei Stakhanov akatangazwa kuwa kachimba tani 102 za makaa kwa shifti moja, mara 14 ya kiwango, akapigwa picha kila mahali, Desemba ile ile akawa kwenye jalada la gazeti la Time la Marekani. Kilichoachwa ni kwamba nyuma yake walikuwepo wenzake wawili waliokuwa wanaweka nguzo za kuzuia paa lisishuke, kazi ambayo mchimbaji wa kawaida anaifanya mwenyewe na inamla muda, ila tani zote zikaandikwa za mtu mmoja. Na mwaka uliofuata viwango vya kazi vikapandishwa kwa wachimbaji wote. Yaani picha ya kumheshimu mfanyakazi ikaja kuwaongezea wafanyakazi mzigo. Wengi wao hawakumpenda huyo shujaa, na ukielewa sababu hutawashangaa.

Sasa tuje karibu na nyumbani, Lubumbashi, Kongo, maana pale Kiswahili na viwanda vimekua pamoja. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilianzishwa 1906, shaba ya kwanza pale Lubumbashi ikayeyushwa 1911, na bomba lile kubwa la moshi na mlima mweusi wa takataka za shaba mpaka leo ndo alama ya mji. Wafanyakazi waliletwa toka Kasai, toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Ruanda-Urundi, kila mmoja na lugha yake, na kwenye kambi za kampuni Kiswahili ndo kikawa cha wote. Mwanzoni walikuwa wanakufa kwa magonjwa na kutoroka, ikawa hasara, basi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mtindo, wakaruhusiwa wake na watoto, ikajengwa nyumba, shule, hospitali ya kujifungulia, posho ya chakula kila wiki. Watu wakazoea kuiita kampuni baba na mama.

Na kampuni ikapiga picha sana. Watoto wanapimwa uzito na masista, nyumba zimepangwa mstari, timu ya mpira, fundi mweusi kasimama kwenye mashine na ovaroli safi. Hizi picha sio uongo, hizo hospitali zilikuwepo. Lakini mfanyakazi kwenye daftari alikuwa namba, kama manamba wa mkonge Tanga walivyokuwa namba na kipande, na kwenye picha anaonekana kama mali inayotunzwa vizuri. Desemba 1941, vita imepandisha bei ya kila kitu na mishahara haitoshi, wakagoma. Tarehe 9 Desemba pale Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule, wakiwa wamekusanyika uwanja wa mpira, askari wakafyatua risasi, akafa kiongozi wao Léonard Mpoyi na wengine kwa makumi. Kwenye albamu za kampuni utaona uwanja wa mpira na wachezaji wake, siku hiyo hutaiona.

Aliyeijaza hiyo nafasi tupu hakuwa mpiga picha. Ni mchoraji, Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1970, alichora mauaji yale pamoja na historia nzima ya Kongo kwenye vitambaa vya magunia ya unga, akiuza kwa watu wa kawaida watundike sebuleni, na akazieleza picha zake kwa Kiswahili cha kwao. Mi hili linanigusa sana, kwamba watu ambao hawakuwa na kamera walijua kabisa nini kimekosekana kwenye picha za kampuni, wakakichora.

Halafu akaja mpiga picha Sammy Baloji, kazaliwa Lubumbashi 1978, Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière 1967, ikiwa bado inabeba mji mzima. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika 40,000. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa kiinua mgongo waondoke. Baloji akaingia kwenye mabaki ya viwanda akayapiga kwa rangi, kutu, mabati yaliyotoboka, majani, halafu akachukua picha za zamani za kampuni, za watu weusi waliopangwa mstari mbele ya kamera ya mkoloni, akawakata na kuwasimamisha kwenye hayo magofu, wao wakiwa bado nyeusi na nyeupe. Kazi ilitoka 2006 na mwaka uliofuata ikapata tuzo kwenye maonyesho ya Bamako. Ukiangalia huwezi kupumzika, kwa sababu wale watu wamesimama kama wamerudi kuuliza kazi yao yote imeenda wapi. Yeye siye aliyewapiga picha, wala hajui majina yao, lakini kawatoa kwenye albamu ya bosi, na hilo tayari ni jambo. Sina hakika kama kuna mpiga picha mwingine Afrika aliyeeleza habari ya kampuni na mji kwa uwazi kiasi hicho.

Kuna swali gumu zaidi hapa: je, inawezekana kuonyesha mtu anavuliwa heshima bila wewe mpiga picha kumvua mara ya pili? Ernest Cole alijibu kwa vitendo. Kijana mweusi wa Afrika Kusini, kazaliwa 1940 Eersterust karibu na Pretoria, alipiga maisha chini ya ubaguzi wa rangi kwa siri miaka mingi, na migodini aliingia na kamera kaificha kwenye mfuko wa chakula cha mchana. Walioajiriwa migodi ile walitoka kusini yote ya Afrika, Msumbiji, Nyasaland, Lesotho, na kabla ya uhuru hata nyanda za juu kusini mwa Tanganyika kupitia Wenela, shirika lililokuwa linaajiri vibarua wa migodi hiyo, wazee wa Mbeya wanaifahamu. Picha yake moja inaonyesha wanaume wamepangwa kupimwa afya kabla ya kushuka shimoni, uchi wa mnyama, wameinua mikono juu wameegemea ukuta. Amewapiga kwa nyuma. Unachokiona ni unyama wa utaratibu, kila mtu anageuzwa mzigo wa kukaguliwa, lakini sura ya mtu hata moja huipati, kwahiyo hamna anayeweza kumnyooshea kidole mzee wa mtu kijijini kwamba ndo yule. Sijui kama alichagua au mazingira yalimlazimisha, ila matokeo ni kwamba aibu inabaki kwa aliyewapanga. Cole akaondoka nchini 1966, kitabu kikatoka Marekani 1967, kwao kikapigwa marufuku, na yeye akafia New York 1990 akiwa maskini, siku chache baada ya Mandela kutoka gerezani.

Sebastião Salgado ndo anayebishaniwa kuliko wote. Mbrazili, mchumi kwa elimu, miaka ya 1970 mwanzoni alikuwa anatumwa Afrika kwa mambo ya kahawa na chai, Rwanda ikiwemo, halafu akaacha yote akashika kamera. Mwaka 1986 akashuka Serra Pelada, shimo la dhahabu kaskazini mwa Brazil, wanaume kama 50,000 wanapanda na kushuka ngazi za mbao na magunia ya udongo mgongoni, hakuna mashine, hakuna trekta. Picha zile ukiziona unasikia kelele. Akaendelea miaka kadhaa kwenye machimbo ya salfa Indonesia, wanaokata meli Bangladesh, waliozima visima vya mafuta Kuwait 1991, na mwaka huo huo akarudi Rwanda kwenye mashamba ya chai, safari hii kama mpiga picha. Alifariki Mei 2025 Paris.

Wakosoaji walisema anapendezesha mateso. Ingrid Sischy aliandika hivyo kwenye The New Yorker 1991, na mwandishi Susan Sontag mwaka 2003, akiongelea picha zake za wahamiaji, akagusa penyewe: wenye majina ni watu maarufu tu, wengine wote wanabaki kuwa mfano wa kazi yao au shida yao. Salgado alijibu kwamba uzuri ni wa watu wenyewe, hajawapa yeye, na alisisitiza wale wa Serra Pelada hawakuwa watumwa, walikuja kwa hiari kutafuta utajiri. Mi kwenye uzuri niko upande wake. Kusema maskini asipigwe picha nzuri ni tusi, mbona matajiri wanapigwa picha nzuri na hakuna anayelalamika? August Sander, mpiga picha wa Ujerumani, mwaka 1928 alimpiga picha saidia fundi na matofali mabegani kwa utulivu ule ule aliowapigia mabwana wakubwa, mbele kabisa, macho kwa macho, na Wanazi mwaka 1936 wakaharibu bamba za kitabu chake, kwa sababu watu wao halisi hawakufanana na Wajerumani wa kwenye mabango. Uzuri unaweza kutetea. Ila kwenye majina Sontag alikuwa sahihi, na picha nyingi za Serra Pelada zimenunuliwa kwa hela nyingi kwenye magaleri bila hata mmoja wa wale 50,000 kujulikana alikuwa nani na jioni alilipwa nini.

Hapo kuna jambo ambalo kwenye huu ubishi wa wataalamu huwa linaachwa, ni mfanyakazi mwenyewe anataka kuonekanaje. Jibu lilikuwa linapatikana studio. Capital Art Studio pale Mji Mkongwe Unguja ipo tangu 1930, N. V. Parekh alipiga picha watu wa Mombasa miongo mingi, na mtu akienda studio hakuenda na nguo za kazi. Anaenda kaoga, kanyoa, suti kama anayo na kama hana anaazima, saa mkononi ionekane, anatuma picha kwa mama kijijini. Huyo ndo yeye kwa maamuzi yake. Sisi tunaomtaka na vumbi usoni ndo tumjue anafanya kazi tumejipangia wenyewe.

Na picha hizo ndogo zina uzito. Aprili 24, 2013 huko Bangladesh jengo la Rana Plaza lilianguka likaua watu 1,134, wengi wasichana wa viwanda vya nguo. Taslima Akhter, mpiga picha ambaye pia ni mwanaharakati wa haki za wafanyakazi, alipiga picha ya mwanamke na mwanaume wamekufa wamekumbatiana kwenye kifusi, dunia nzima ikaiona. Lakini nje ya kifusi ndugu walikuwa wamesimama siku na siku wameshika vipicha vya pasipoti, vya studio, vyenye pazia la bluu nyuma, wanauliza mmemuona huyu? Na Akhter hakuishia kwenye picha yake maarufu, yeye na wenzake walizikusanya na hizo, pamoja na habari za wahusika, wale waliokuwa tarakimu wakarudishiwa sura waliyoichagua wenyewe.

Sasa kwa mwenye simu leo, maana siku hizi kila mtu ni mpiga picha na wafanyakazi wenyewe wanajipiga kwenye mjengo na viwandani. Jina ni jambo kubwa, ila jina linaweza kumponza mtu. Kibarua akitajwa jina na kiwanda chake na hana glovu, kesho getini anaambiwa hamna kazi. Hine alikuwa na kamati nyuma yake na bado wenye viwanda walikuwa wanamsaka, wewe una akaunti tu. Kwahiyo ongea na mtu kwanza, mwambie picha inaenda wapi, muulize atajwe vipi, na ukishaposti mtumie nakala, maana wengi wanapigwa maisha yao yote na hawana hata picha moja yao wenyewe. Jina la kampuni, malipo ya siku, masaa, ovataimu inalipwa au hailipwi, vifaa anavyo au hana, hivyo unaweza kuvipata bila kumtaja aliyekuambia. Na usipange mtu ainame ili mgongo upendeze halafu uandike ndo hali halisi.

Chukua Kolwezi, kobalti ya Kongo ni kama asilimia 70 ya inayochimbwa duniani, picha za wachimbaji wadogo wa kule zinazunguka kila siku na nyingi hazina tarehe wala mahali. Mchimbaji akikuambia jina langu usiweke, usiweke. Andika kina cha shimo, andika wako wangapi kwenye kundi na hela wanagawana vipi, andika gunia limepimwa kilo ngapi pale kwenye mabanda ya wanunuzi Musompo na yeye anaamini lilikuwa kilo ngapi, bei aliyopewa, na jina lililoandikwa kwenye banda la aliyenunua.